Nitrofeni kwenye nyama ya bata mzinga: kipimo kilifanya kazi, taarifa ikakwama

Januari 2002, maabara ya Hipp, kampuni ya chakula cha watoto wachanga yenye makao yake Pfaffenhofen katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, ilipima nyama ya bata mzinga iliyoletwa kama malighafi. Nyama ilikuwa ya kilimo hai, ile ambayo mzazi huilipia zaidi akiamini mtoto wake hatalishwa kemikali za shambani. Majibu yalionyesha nitrofeni, dawa ya kuua magugu ambayo Ujerumani Magharibi iliacha kuiruhusu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Jumuiya ya Ulaya ikaipiga marufuku mwaka 1988. Kampuni iliikataa nyama hiyo na kumwarifu muuzaji. Wananchi wa Ujerumani walikuja kusikia habari ya nitrofeni wiki za mwisho za Mei, yaani miezi minne baadaye.

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu usalama wa chakula cha watoto, sisi wazazi na watu tunaoshughulika na chakula hudai jambo moja: vipimo viongezwe. Nami nadai hivyo hivyo. Lakini katika kisa hiki kipimo kilikuwepo, kilifanywa mapema, kilikuwa sahihi, na kiliwakinga wateja wa kampuni iliyopima. Wakati huohuo familia nyingine ziliendelea kununua nyama na mayai kutoka kwenye mnyororo uleule wa chakula cha mifugo, na hapakuwa na wa kuwaambia. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi kile kinachotokea baada ya mashine ya maabara kumaliza kazi yake, na hapo ndipo watoto walipoachwa bila ulinzi.

Dawa iliyodhaniwa imekwisha

Nitrofeni iliingia sokoni miaka ya 1960. Ilipuliziwa kwenye mashamba ya nafaka na mboga kuzuia magugu yanayochipua, na kwa muda ilisifiwa kwa kazi nzuri. Sifa hizo zilikwisha pale majaribio ya wanyama yalipoonyesha kwamba inasababisha saratani na, baya zaidi kwa mjadala wetu, inaharibu kijusi tumboni. Panya mjamzito akipewa nitrofeni karibu na siku ya tisa ya mimba, wengi wa watoto wake huzaliwa na tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Utumbo hupanda kifuani, mapafu yakakosa nafasi ya kukua. Tatizo hili huwapata pia watoto wa binadamu kwa sababu nyingine, na madaktari watafiti wanaotaka kulielewa hutumia nitrofeni hadi leo kulitengeneza kwa makusudi ndani ya panya wa maabara.

Ni haki kusema kiasi kinachotumika. Katika majaribio hayo panya hupewa miligramu 100 kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa kilo 8 akila gramu 200 za chakula chenye nitrofeni ya miligramu 0.01 kwa kilo, anameza miligramu 0.002 tu. Ukigawa kwa uzito wa mwili, panya amepata zaidi ya mara milioni moja ya alichopata mtoto. Kwa hiyo hakuna msingi wa kumwambia mama wa Hamburg au Munich kwamba mlo mmoja wa nyama ile ungemdhuru mwanawe. Lakini hakuna pia sababu yoyote ya dawa ya namna hii kuwemo ndani ya chakula cha mtoto, hata kwa chembe, ilhali ilikuwa haijaruhusiwa nchini humo kwa zaidi ya miaka kumi.

Kikomo cha 0.01 kilitoka wapi

Mwaka 1993 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu viuatilifu katika mlo wa watoto wachanga na watoto wadogo. Kamati iliongozwa na Philip Landrigan, daktari wa watoto. Hoja yake kuu ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kumlisha mtoto: mtoto hali vyakula vingi tofauti, hula vichache kwa kurudiarudia, na hula kwa wingi ukilinganisha na mwili wake. Gramu 200 za tufaha lililopondwa ni gramu 25 kwa kila kilo ya mtoto wa kilo 8. Baba yake wa kilo 70 akila gramu hizohizo, kwake hazifiki 3 kwa kilo. Isitoshe, ubongo, ini na figo za mtoto bado zinajengwa. Kikomo kilichopigiwa hesabu kwa mwili wa baba hakimtoshi mtoto.

Ripoti hiyo ilichangia sheria ya Marekani ya 1996 ya kulinda ubora wa chakula, iliyoagiza kiwango cha usalama kigawanywe mara kumi zaidi kwa ajili ya watoto, isipokuwa pale ambapo ushahidi wa kuaminika unaonyesha kwamba si lazima. Ulaya ilifuata njia nyingine, na kwangu mimi ni njia bora zaidi. Maagizo ya 1999 yaliweka kikomo kimoja kwa kiuatilifu chochote ndani ya chakula cha watoto wachanga na watoto wadogo: miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ndani ya tani 100 za chakula. Kikomo hiki hakikutokana na kuhesabu sumu ya kila dawa moja moja. Kiliwekwa karibu na kiwango cha chini ambacho maabara za kawaida ziliweza kukipima kwa uhakika, ili maana yake iwe kwamba mabaki yasiwepo kabisa.

Uamuzi huo uliwabana watengenezaji. Tufaha linaloruhusiwa sokoni kwa mtu mzima linaweza kuwa na mabaki mara mia ya kikomo cha mtoto na bado likawa halali kabisa. Kiwanda cha chakula cha watoto hakiwezi kwenda sokoni kununua tufaha hilo. Kinalazimika kuingia mkataba na wakulima, kujua walichopulizia, na kupima malighafi kabla haijashuka kwenye lori. Ndiyo sababu nitrofeni ilionekana kwanza kwenye maabara ya kampuni ya chakula cha watoto, kabla ya maabara ya serikali inayookota sampuli chache dukani. Walipima kwa sababu kikomo kiliwalazimisha kupima.

Kazi ya mezani

Inafaa kuona jinsi jambo hili linavyofanyika, kwa kuwa wengi hudhani maabara hutumbukiza kipande cha nyama kwenye mashine na orodha ya sumu zote ikatoka. Nyama husagwa hadi iwe uji laini usio na tofauti kati ya kijiko na kijiko. Hupimwa gramu kadhaa, ikachanganywa na kiyeyushi kinachovuta kemikali na kuziacha protini. Nitrofeni hupenda mafuta, hivyo kwenye nyama na mayai hujificha kwenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayomsumbua mpimaji: lazima yaondolewe bila kuondoka na kile kinachotafutwa. Kisha kimiminika kilichobaki hudungwa kwenye kromatografia ya gesi, mrija mwembamba wa mita nyingi uliopashwa moto ambamo kila kemikali husafiri kwa kasi yake na kutoka kwa dakika yake. Mwishoni mwa mrija kuna kitambuzi. Nitrofeni ina klorini ndani yake, na vipo vitambuzi vyenye hisia kali sana kwa klorini. Ili kutoa uamuzi, mpimaji huthibitisha kwa spektrometa ya masi, inayoivunja molekuli na kutazama vipande vyake.

Kando ya sampuli hiyo hupitishwa nyingine safi iliyotiwa nitrofeni kwa kiasi kinachojulikana. Isiporudi karibu yote, majibu ya siku hiyo hayaaminiki.

Kuna udhaifu mmoja ambao kila msomaji wa ripoti ya maabara anapaswa kuufahamu. Vipimo vya aina hii hutafuta dawa zilizoorodheshwa. Maabara yenye orodha ya dawa 200 ikikuandikia kwamba haikuona kitu, imekueleza habari za hizo 200 peke yake. Mwaka 2002 ilikuwa rahisi mno kuiacha nitrofeni nje ya orodha: haikuuzwa, haikuruhusiwa, na hapakuwa na mkulima wa kilimo hai aliyedhaniwa kuigusa. Mtu anayepanga orodha kwa kuangalia dawa zinazouzwa madukani angeikosa. Anayestahili sifa kubwa katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ni yule aliyeamua kuiweka au kuibakiza dawa iliyopitwa na wakati kwenye orodha ya maabara ile. 

Miezi minne

Baada ya Januari habari ilitembea, lakini ilitembea ndani ya nyumba. Muuzaji wa nyama aliambiwa. Kutoka kwa muuzaji swali likarudi nyuma hadi kwenye chakula walicholishwa bata mzinga, na kutoka hapo hadi kiwanda cha chakula cha mifugo katika eneo la Cloppenburg, jimbo la Niedersachsen, sehemu ya Ujerumani yenye ufugaji mkubwa wa kuku na bata mzinga. Kiwandani nako walijua kabla ya Mei. Sampuli zilifika hata kwenye taasisi ya serikali kuu ya utafiti wa nyama iliyoko Kulmbach. Taasisi ile ilipima, ikaiona nitrofeni, na wizara iliyo juu yake haikuambiwa kwa wiki kadhaa. Sampuli zilikuwa zimeletwa na mteja binafsi, na majibu yakachukuliwa kuwa mali ya mteja.

Waziri wa ulinzi wa watumiaji, chakula na kilimo alikuwa Renate Künast wa chama cha Kijani. Alikabidhiwa wizara hiyo mwanzoni mwa 2001, katikati ya mgogoro wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na alikuwa ameahidi hadharani kukipanua kilimo hai kwa kasi. Uchaguzi mkuu ulikuwa Septemba 2002. Habari ilipotoka Mei, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliochelewa kuipata, ilhali taasisi iliyo chini ya wizara yake ilikuwa nayo. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nadhani pia alikuwa na wajibu wa kujiuliza kwa nini mtaalamu wa serikali aliona usiri wa mteja mmoja una uzito kuliko watu wanaokula mayai.

Nikimtazama kila mmoja kwenye mnyororo huu, naona alifanya kitu chenye maelezo. Kampuni ya chakula cha watoto ililinda bidhaa yake na kumwarifu aliyeiuzia. Muuzaji alitafuta chanzo. Kiwanda kilitaka kuwa na hakika kabla ya kujiharibia jina. Taasisi ilitunza siri ya mteja. Ukichukua kila kitendo peke yake unaweza kukitetea, hasa ukikumbuka kwamba kosa la kutangaza sumu isiyokuwepo linaweza kumfilisi mfugaji asiye na hatia. Lakini ukiyaweka yote pamoja kwenye kalenda, umepita msimu mzima wa baridi na masika. Kuku walitaga kila siku. Mayai ya kilimo hai yalikuwa mezani siku ya Pasaka.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hao wote walikuwa na maarifa ambayo mzazi hana. Mama anayenunua mayai sita hana mrija wa kromatografia jikoni. Amewaachia wengine kazi ya kujua, na amelipa bei ya juu ili wajue kwa niaba yake. Waliojua wakapelekeana karatasi wao kwa wao.

Ghala la Malchin

Chanzo kilipatikana mwanzoni mwa Juni 2002, siku chache tu baada ya mambo kuwa hadharani. Kasi hiyo inajibu yenyewe hoja kwamba ukimya ulihitajika ili uchunguzi ufanyike kwa utulivu.

Ngano ya kilimo hai iliyotengenezewa chakula cha bata mzinga ilikuwa imehifadhiwa kwenye ghala lililoko Malchin, mji mdogo wa Mecklenburg-Vorpommern, kaskazini mashariki mwa Ujerumani. Enzi za Ujerumani Mashariki ghala hilo lilikuwa bohari ya dawa za kilimo. Nitrofeni ilitumika upande ule hadi miaka ya mwisho ya nchi hiyo, ikiuzwa kwa jina la Trizilin, wakati upande wa magharibi ilikuwa imekwisha kuondolewa. Nchi ziliungana 1990. Dawa ziliondoka, jengo likabaki, na vumbi lilibaki kwenye jengo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, kampuni ya nafaka ikamwaga humo ngano safi ambayo mkulima wake hakuwa na kosa lolote. Wapimaji walipochukua vumbi la sakafuni, nitrofeni ilikuwemo kwa wingi.

Kila mama anajua unga ukikaa karibu na dumu la mafuta ya taa utanuka mafuta ya taa hata kama dumu halikuvuja. Nitrofeni haikunuka kwa namna ya kumshtua mtu wa ghala, na hiyo ndiyo tofauti pekee.

Wapinzani wa kilimo hai walifurahia kisa hiki, na baadhi ya wafuasi wake wakajitetea kwa kusema dawa haikutoka shambani. Wote wawili walikosa kiini. Ukaguzi wa kilimo hai wakati ule ulikuwa ukaguzi wa mwenendo: mkaguzi alitembelea shamba, akasoma vitabu vya manunuzi, akahakikisha hakuna dawa iliyonunuliwa, akatoa cheti. Mfumo huo unamkamata mkulima anayedanganya. Hauoni sakafu ya ghala la watu wengine, kilomita nyingi kutoka shambani, lenye historia ambayo haimo kwenye fomu. Hapo ndipo kipimo cha mabaki kinapohitajika, kwa kuwa kipimo hakiulizi dawa imeingiaje. Nafaka yenye cheti na nafaka isiyo na cheti huingia kwenye mrija uleule.

Hasara ilikuwa kubwa. Mashamba mengi yalizuiwa kuuza wakati yakichunguzwa, kuku na bata mzinga wakachinjwa na kuteketezwa, mayai yakatupwa. Ubelgiji, iliyokuwa na kumbukumbu mbichi ya kashfa yake ya 1999 ya dioksini (kemikali yenye sumu kali), ilizuia bidhaa za kilimo hai kutoka Ujerumani, na mjini Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, ilijadiliwa hatua ya kuzizuia kote Ulaya kabla ya wazo hilo kuachwa. Walioumia zaidi walikuwa wafugaji waliolisha mifugo yao chakula walichouziwa kwa uaminifu. Kama taarifa ingetoka Februari, idadi ya magunia yaliyokuwa yameshasambazwa ingekuwa ndogo, na hasara vilevile.

Sheria zilizofuata, na pengo lililobaki

Kwa bahati ya kalenda, kanuni kuu ya chakula ya Umoja wa Ulaya, namba 178/2002, ilipitishwa tarehe 28 Januari 2002, mwezi uleule nitrofeni ilipoonekana maabara. Ibara yake ya 19 inamtaka mwenye biashara ya chakula kuiondoa sokoni bidhaa isiyo salama na kuiarifu mamlaka. Ibara ya 20 inafanya hivyo kwa chakula cha mifugo. Ila ibara hizo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2005.

Isome kwa makini na utaona bado haikigusi vizuri kisa chetu. Wajibu wa ibara ya 19 umemlenga aliyeingiza, kuzalisha, kusindika au kusambaza chakula chenye hitilafu. Mtu aliyepokea malighafi, akaipima, akaikataa getini, hakuiweka sokoni. Angeweza kusema kwa nia njema kwamba wajibu ni wa muuzaji. Wajerumani waliliona pengo hilo, na sheria yao ya chakula iliyofuata ikaongeza kifungu kinachomhusu hata yule aliyeletewa chakula: akiwa na sababu ya kuamini si salama, anaiarifu mamlaka. Maabara zenyewe zilibebeshwa wajibu huo mwaka 2011, baada ya kashfa nyingine, safari hii ya dioksini kwenye mafuta ya kutengenezea chakula cha mifugo. Miaka tisa baada ya Kulmbach.

Upande wa chakula cha watoto mambo yalikwenda haraka zaidi. Februari 2003 maagizo ya Ulaya ya chakula cha watoto yaliongezewa orodha ya viuatilifu ambavyo haviruhusiwi kabisa kutumika kwenye mazao yanayokusudiwa kuwa chakula cha watoto wachanga. Humo zimo aldrini, dieldrini, endrini, heptaklori, terbufosi, na nitrofeni. Kwa dawa za namna hiyo kikomo cha 0.01 kilionekana kikubwa, kikawekwa kikomo cha chini zaidi: 0.003. Fipronili, ambayo ilikuwa bado ikitumika wakati ule, ilipewa 0.004. Tazama majina hayo. Sehemu kubwa ni dawa za zamani ambazo zimeshapigwa marufuku lakini hazijaisha kwenye udongo, kwenye mafuta ya wanyama, na kwenye majengo. Walioandika orodha hiyo walijua kwamba tarehe ya marufuku haiondoi dawa iliyokwisha kumwagika.

Kibaha, na uji wa lishe

Nisingeileta Tanzania hapa kama isingekuwa na Malchin yake. Shamba la Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani, lilipokea mwaka 1986 msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, sehemu yake vikiwa vimepitwa na muda. Viliwekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka, na DDT, dawa ya kuua wadudu, ikaingia ardhini. Usafishaji ulifanyika, na watafiti waliopima baadaye walikuta udongo bado una uchafuzi mkubwa. Vikuge ni shamba la malisho. Majani yanayoota hapo ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe hutoa maziwa. Njia ile ya Malchin, kutoka bohari hadi mnyama hadi mtoto, inaweza kufunguka mahali popote penye bohari la zamani la dawa.

Mtoto wetu wa miezi sita haanzi na kichupa cha bata mzinga. Anaanza na uji wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, kila msagaji na mchanganyiko wake. Hofu tuliyozoea kuisema ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na ni hofu ya kweli, maana sumukuvu imeua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Lakini karibu kila gunia la mahindi lililokaa miezi mingi limetiwa dawa ya vumbi ya kuzuia dumuzi na fukusi, na dawa hiyo huwekwa makusudi, juu ya nafaka ileile itakayosagwa. Dawa hizo zimesajiliwa, zina kipimo chake kwa gunia, na zina siku za kungoja kabla ya kula. Kipimo hicho kilipigiwa hesabu ya mlaji wa kawaida. Unapomwaga kwa kifuniko cha chupa bila kupima, au unapouza kabla ya siku kutimia kwa sababu ada ya shule imefika, mtoto anayekunywa uji mara tatu kwa siku ndiye anayepata sehemu kubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Landrigan na wenzake waliandika kuhusu juisi ya tufaha. Sisi tusome hoja hiyo kwa bakuli la uji.

Uwezo wa kupima upo. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania yenye makao yake Arusha, ina maabara ya mabaki ya viuatilifu, na nchini Kenya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, hupima pia, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya maharage machanga, parachichi na maua yanayokwenda Ulaya. Mnunuzi wa Uholanzi anadai karatasi, karatasi inatoka. Sioni kwa nini msindikaji wa unga wa lishe wa Morogoro au Nakuru asidai karatasi hiyohiyo kwa nafaka atakayomlisha mtoto wa jirani yake, walau kwa kila shehena kubwa, hata ikibidi wasagaji wadogo kadhaa wachangie gharama ya sampuli moja.

Kwa msindikaji anayetaka kuanza, kisa cha nitrofeni kinampa maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Kwa mwenye ghala: jengo hili lilihifadhi nini kabla ya nafaka, na lini liliacha? Asikubali jibu la mwaka jana tu. Malchin ingejibu vizuri swali la mwaka jana. Kwa aliyemuuzia mahindi: ulitia dawa gani, lini, kiasi gani kwa gunia? Kwa maabara: orodha yenu ina dawa zipi kwa majina, zimo za zamani zilizopigwa marufuku, na mnaweza kushuka hadi kiwango gani? Na kwenye karatasi ya makubaliano na maabara, kabla ya sahihi, iandikwe kwa jina ni ofisi ipi ya serikali itakayopelekewa nakala ya majibu endapo mabaki yatazidi, na ndani ya saa ngapi.